Picha za Mikono

Nyumbani walimwita Cherehani kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Akila, inacheza chini ya meza, akisoma, inacheza, akiambiwa akae kitako kama watu, anakaa kitako huku vidole vikiendelea na safari zao. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila siku akitoka shule alibadilisha sare, akala, akaosha vyombo, kisha akaruhusiwa kuandika kazi zake kwenye kompyuta ya sebuleni kabla mama hajarudi.

Mama yake alikuwa mwalimu wa watoto viziwi. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza kitabu cha picha za mikono: mkono unaosema "maji," mkono unaosema "naogopa," mkono unaosema "tumbo linaniuma." Picha zaidi ya mia nne zilikuwa ndani ya kompyuta ile, na Ijumaa zilitakiwa kwa mpiga chapa.

"Mtoto asiyesikia akipelekwa hospitali," mama alipenda kusema, "daktari atajuaje anaumwa wapi? Kitabu hiki ndicho kitakuwa mdomo wake."

Jumanne hiyo Twiga, msichana mrefu aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza habari za mchezo mpya wa mbio za magari. "Bure kabisa! Unaupakua tu." Cherehani hakuwa hata amemaliza kutafuna chakula alipojibwaga mbele ya kompyuta. Alipoanza kuupakua, onyo jekundu likajitokeza: programu ya kukinga virusi ilisema faili hiyo ni hatari. Akasita. Lakini ukurasa wa mchezo nao ulikuwa na maneno yake: *Zima kinga kwanza, ndipo mchezo utafunguka.*

"Dakika tano tu," akajisemea. Akaizima.

Mchezo haukufunguka. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma, mshale ukawa mzito kama unatembea kwenye matope. Akafungua folda ya kazi zake. Majina ya faili yalikuwa yamegeuka herufi zisizosomeka. Akafungua folda ya mama. Hivyo hivyo. Badala ya mikono palitokea ujumbe wa watu asiowajua, wakidai walipwe ndipo wazifungue picha.

Akachomeka flashi yake yenye insha ya shule, akitumaini kuokoa walau picha mbili tatu. Punde si punde, insha yake nayo ikafungwa. Akaichomoa flashi kana kwamba imemuunguza, akazima kompyuta, akaenda kufagia uwanja uliokuwa umefagiliwa tangu asubuhi.

Jioni mama alirudi hoi kutoka mkutanoni. "Leo sina macho ya kompyuta," alisema. "Kesho nitawahi nizikusanye zile picha." Cherehani akashusha pumzi, lakini haikushuka yote.

Kesho yake darasani hakuambulia kitu. Mwalimu aliuliza saba mara nane, yeye akajibu jina la mto. Darasa zima likaangua kicheko. Wakati wa mapumziko alimsimulia Twiga yote.

"Nyamaza tu," Twiga alisema. "Kompyuta huharibika zenyewe. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi jisahaulishe!"

Alijaribu. Alihesabu matofali ya ukuta, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kila alipofumba macho aliuona mkono mdogo ukisema "tumbo linaniuma." Kengele ya mwisho ilipolia alikuwa wa kwanza langoni, hatua tatu mbio, hatua tatu akijizuia.

Alikuta viatu vya mama mlangoni. Mama alikuwa mbele ya kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa kujivuta, na mkononi ameshika diski ndogo nyeusi aliyohifadhia nakala za picha.

"Mbona leo inajikokota hivi?" mama alisema bila kugeuka. "Hebu nichomeke diski nianze kazi."

Ncha ya waya ilikuwa inagusa tundu.

"Usichomeke! Mama, usichomeke!"

Mama akageuka, waya mkononi. "Kuna nini, mwanangu? Umenishtua!"

Maneno yaliyomkwama tangu jana yakamwagika: mchezo, onyo jekundu, kinga aliyoizima, flashi. "Kila kinachochomekwa humo kinaharibika. Ni mimi, mama. Nilitaka kunyamaza."

Mama akaiweka diski upande wa pili wa meza, akakaa akiitazama.

"Tangu jana?" mama aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Tangu jana."

"Izime. Tunakwenda kwa fundi sasa hivi."

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani. Alisikiliza kisa, akaiwasha mashine, akaguna.

"Tukiwalipa, je?" mama aliuliza.

"Mwizi wa kuku akikuambia umlipe akurudishie kuku, utamwamini? Unaweza kulipa na usipate hata unyoya. Una nakala?"

Mama akatoa diski. "Nusura niichomeke. Huyu ndiye aliyepiga kelele."

Fundi akamtazama Cherehani juu ya miwani. "Basi kelele hiyo imeokoa miaka miwili."

Kazi ya kufuta kila kitu na kuisimika kompyuta upya ilichukua siku nzima. Alhamisi jioni walipoifuata, fundi aliwakabidhi mashine pamoja na maneno.

"Kinga ni mlinzi wa mlango," alisema. "Anayekuambia umfukuze mlinzi ana lake jambo. Iacheni ikiwaka, muisasishe kila inapotaka, na mtu msiyemjua msipakue vitu vyake hata akisema bure. Na diski ya nakala, ukimaliza kuhifadhi, ichomoe. Sanduku la akiba haliachwi wazi."

Nakala ilikuwa ya wiki tatu nyuma, hivyo picha thelathini na moja zilipotea. Mama alimpigia simu mpiga chapa, akamwomba angoje mpaka Jumatatu. Jumamosi na Jumapili Cherehani alisimama mbele ya kitambaa cheupe akitoa ishara moja baada ya nyingine, mama akizipiga picha, huku mwanafunzi mmoja wa mama, binti wa miaka tisa, akimrekebisha vidole na kumcheka bila sauti alipokosea. Insha yake mwenyewe aliiandika upya, kwa kalamu.

Jumatatu picha zote zilifika kwa mpiga chapa. Wakirudi nyumbani, mama alimshika bega.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kuizima kinga kumetugharimu picha thelathini na moja. Kunyamaza kungetugharimu zote. Utakosea tena, mwanangu, kila mtu hukosea. Ila siku hiyo njoo uniambie ungali unatetemeka. Usingoje mpaka upate uongo wa kukutuliza."