Jina Lililorukwa Shambani

Pongo, wale swala wa vichakani, walikuwa wanatumalizia mtama. Ndiyo maana jioni ile nilimfuata kaka yangu Pontiani shambani, juu ya Rumonge, nikimbebea waya za breki za baiskeli anazotegea.

Kwetu, kabla ya kutega, unataja wafu wa nyumba yako. Unawaomba wapite kando wasije wakanaswa. Pontiani akamtaja baba. Akamtaja bibi. Akainama kuanza kutega.

"Na Melkiades?" nikanong'ona. Ndugu yetu huyo tulimzika kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla ya kurudi Burundi.

Pontiani akacheka. "Kaburi yake iko kule. Atavuka mupaka na lesepase gani, kibali gani?"

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Akatega. Jua likawa linazama upande wa Kongo, ziwa limetulia. Tukakaa ukingoni mwa shamba kusubiri.

Waya ukavutika.

Mabua yakatikisika... kisha kimya. Pongo akinaswa hubweka. Huyu alikohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Kikavu, cha kifua, kilichotunyima usingizi kambini. Na ikaja harufu ya sabuni tuliyomwoshea Melkiades siku ya kumzika.

"Tusiende," nikasema.

"Ni ndugu yetu, Scovia. Namufungulia tu, apite."

Akaingia kwenye mtama. Nikasikia waya ukilegea.

Halafu ukakazika tena.

Akatoka mtu mmoja. Uso wa Pontiani, shati la Pontiani. Mguuni alikuwa na alama ya waya, imezama hadi ndani, na haitoki damu.

"Kadogo," akasema. "Twende kwa mama."

Pontiani hajawahi kuniita Kadogo. Aliyeniita hivyo ni Melkiades peke yake.

Nikamfuata. Nilijua napaswa kuogopa, nikautafuta woga wenyewe, sikuuona. Nyumbani mama alikuwa anasonga ugali, mawese yananukia. Alisikia hatua tu, hakugeuka hata kutazama, akauachia mwiko.

"Melki, mutoto wangu... umekawia sana."

Tangu kambini mama alikuwa hacheki. Sasa anacheka. Anakula, anaimba nyimbo za kanisa. Hajauliza Pontiani yuko wapi. Mimi pia sijamwambia, na sijalia.

Mtama umekomaa vizuri, pongo hawasogei tena. Ila kila jioni waya unavutika mule ndani, na sauti ya Pontiani inaniita, taratibu, bila hasira.

"Scovia... nifungulie tu."

Anayefungua ndiye anayebaki. Hilo nimeshalielewa.

Kesho tunavuna. Mama amenipa kisu, akasema nitangulie kuingia kwenye mtama, peke yangu.