Sindano Isiyo na Msimamizi

Jiwe liliingia kupitia dirisha bila kubisha hodi, likaruka kitanda cha kwanza na kumaliza safari yake kwenye kabati la dawa. Vioo vikamwagika sakafuni. Nje, ghasia zilikuwa zimeingia siku ya pili, mji ukijipiga wenyewe, kwa bidii ambayo haukuwahi kuionyesha katika jambo lolote la maana.

—Laleni chini! akafoka Daktari, na yeye akawa wa kwanza kutii.

Mlango wa zahanati ukafunguka kwa teke. Wanaume wawili waliingia wamembeba mtu kwa mikono na miguu, kama godoro lililolowa. Alikuwa dereva wa ambulensi. Shati lake lilikuwa jekundu kuanzia kola mpaka kiunoni.

—Wamemtoa kwenye gari wakamchapa kwa nondo, mmoja akasema akihema. Alikataa kuwashushia majeruhi aliowabeba ili wawamalizie.

Nesi akageuka, na bakuli la chuma likamponyoka mkononi. Huyo alikuwa mchumba wake. Asubuhi alikuwa amemtumia ujumbe: “Leo usinipikie, nitakuja na njaa ya kukuona tu.” Sasa amekuja kweli, na midomo yake imegeuka buluu.

—Mpenzi, unanisikia?

—Si... pumui.

—Najua. Hewa imejaa upande wa kushoto inabana pafu. Naitoa sasa hivi.

Akanyakua sindano nene.

Hapa sina budi kuwasomea kanuni, nanyi mvumilie, maana bila kanuni hakuna mapenzi katika kisa hiki. Leseni ya Nesi ilikuwa imeisha muda zamani, enzi akiwa mke wa bwana mmoja aliyeamini kwamba kazi ya mke ni kusubiri mlangoni. Serikali ilipotangaza hali ya dharura, iliwaita kazini wastaafu wote wa afya na kuzifufua leseni zao. Wale ambao leseni ziliisha muda nao waliruhusiwa, kwa sharti: kila mmoja awe na msimamizi mwenye leseni hai, chumba kimoja naye, aliyetamka kwa kinywa chake kwamba anambeba. Msimamizi akijitoa, ruhusa inakufa palepale. Atakayemaliza dharura bila doa atarudishiwa leseni yake. Atakayemgusa mgonjwa bila msimamizi ataikosa.

Nesi aliitaka leseni ile kuliko kitanda na usingizi wake. Na aliyekubali kumsimamia ni Daktari. Naye Daktari, wapendwa wasomaji, ndiye yule bwana wa mlangoni.

—Weka sindano chini, Daktari akasema akijikung'uta magoti.

—Tukisubiri anakufa.

—Ndiye huyu?

—Ndiye nani?

—Usinifanye mtoto. Picha yenu nimeiona. Mwanamke niliyemuoa mimi leo anaposwa na mshika usukani!

—Msikilize kifua kwanza, Daktari. Ukimaliza, nitukane mpaka jioni.

Daktari akainama sikioni kwa Nesi.

—Sema utarudi nyumbani. Neno moja tu. Ukilisema, namtibu mwenyewe.

—Na nisiposema?

Daktari akanyooka na kupaza sauti kama mtangazaji wa mpira.

—Jamani, wote mmesikia? Nimejitoa! Simsimamii tena huyu mwanamke. Akimgusa mgonjwa, ni mhalifu!

Nesi akageukia kona ya chumba. Pale mkunga mstaafu, mmoja wa wale waliofufuliwa na tangazo, alikuwa akishona paji la uso la muuza viatu. Mkunga huyo alikuwa mama mzazi wa Daktari, yaani mama mkwe wake wa zamani.

—Mama, nisimamie wewe! Neno moja tu!

Mama akamtazama mwanawe. Kisha akashusha macho kwenye uzi, akaendelea kushona.

Dereva akakoroma. Macho yake yakageuka meupe.

Nesi hakusubiri tena mtu. Alipapasa mbavu, akapata nafasi, akaichoma sindano mpaka ndani. Hewa ikatoka, fsss, kama tairi la baiskeli. Kifua kikapanda.

Daktari akamkamata nywele.

—Umenidharau mbele ya watu!

Kofi lake lilisikika kuliko mawe ya nje. La pili likampasua mdomo. Nesi alitema damu bila kuiachia sindano.

—Niache! Bado sijaweka mpira wa kutolea hewa kifuani!

—Nitakuzika pamoja naye!

Vidole vya Daktari vikamfunga koo. Nesi akaurusha kiwiko nyuma kwa nguvu zake zote, pakalia kitu kama mua unaovunjwa. Naomba tunyamaze kidogo kwa heshima ya pua ya Daktari, iliyoutumikia uso ule kwa uaminifu tangu kuzaliwa.

Daktari akayumba, damu ikimchuruzika mpaka kidevuni. Akapapasa sinia, akaibuka na mkasi, akaunyanyua juu ya mgongo wa Nesi.

Stendi ya dripu ikashuka juu ya mkono wake. Mkasi ukaenda huku, mkono ukaning'inia kule.

—Mama! Umenivunja!

—Hapa niite Sista, akasema Mama. Stendi hakuishusha. Baba yako alining'oa meno mawili, nikasema ni ujana. Wewe ukawa unampiga huyu, nikasema ni uchovu wa kazi. Leo ameniomba neno moja, nikatazama uzi. Mimi mkunga! Basi nisikilizeni wote: huyu binti namsimamia mimi. Binti, weka mpira.

Wale wabebaji wawili wakamkalia Daktari, mmoja kifuani, mmoja miguuni, kwa ukimya wa watu walio ibadani. Nesi akaweka mpira wa kifua huku damu yake mwenyewe ikidondokea glavu.

Baadaye Dereva akafumbua macho.

—Yule ndiye mumeo wa zamani?

—Ndiye. Usiongee.

—Nilidhani ni mkubwa zaidi.

—Nyamaza, una mbavu zimevunjika!

—Miezi yote hii nilikuwa namuogopa mtu wa miraba minne...

Nesi akacheka, mdomo ukampasuka upya, akalia.

Dharura ilipoondolewa, Daktari alimshtaki Nesi mbele ya Baraza la wauguzi na madaktari. Akafika na plasta mkononi na pua inayotazama dirishani.

—Alimchoma mgonjwa sindano bila msimamizi, akasema. Nilikuwa nimeshajitoa.

Mwenyekiti wa Baraza akamgeukia Nesi.

—Daktari alijitoa. Baadaye Sista akakupokea. Sindano ilichomwa katikati hapo. Nani alikuwa anakusimamia?

Mama akainuka kabla Nesi hajajibu.

—Mimi, mheshimiwa. Tangu mwanzo. Sikusikika tu kwa ajili ya kelele.

Leseni ilikuwa palepale mezani. Alichotakiwa Nesi ni kuitikia kwa kichwa tu.

—Asante, Mama, akasema Nesi. Lakini hapana. Hakukuwa na mtu. Nilimwona anakufa, nikachoma. Na ingekuwa leo ningechoma tena.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Daktari alifutiwa leseni kwa kumtelekeza mgonjwa na kwa mkasi ule, na askari wawili waliokuwa wakimsubiri mlangoni wakamwondoa. Nesi akanyimwa leseni kwa mwaka mzima, kisha afanye mtihani upya.

Dereva alikuwa kwenye benchi la nje.

—Wamesemaje?

—Mwaka mzima siruhusiwi kumgusa mgonjwa yeyote.

Dereva akafikiri kwa uzito unaostahili.

—Mimi nimepona. Nioe. Au nikuoe mimi, utakavyoamua, lakini kwanza nishike.

Nesi akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

—Yalaaa! akapiga yowe Dereva.

—Mwongo wewe! Hujapona!

—Basi Baraza tusiwaambie.