Keki ya Mdogo Wake Ok-hwa

Keki ilikuwa bado ya moto. Mi-ran aliigusa mara mbili ahakikishe, maana aliichukua saa nne asubuhi, na sasa ni saa kumi jioni, na muda wote huo alikuwa nayo mfukoni kwenye ukungu wa msitu. Keki ya mawele haikai na moto hata robo saa. Akaona ni uchovu tu. Akaiacha juu ya meza ya jikoni, akaenda kuoga.

Mwaka wa kumi na mbili huo anaongoza wageni katika hifadhi ile ya kilima, ambako haingii mtu bila kuandikisha jina, hatembei bila kiongozi, wala habebi chakula, hata peremende. Na Mi-ran alikuwa mtu wa sheria. Jamani, watu wa sheria wanachosha!

Asubuhi hiyo kundini alikuwemo bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, Kang Ok-hwa, mfupi, kavaa viatu vya mpira. Walipofika kwenye mdomo wa pango, bibi akatoa keki kifuani na kuirusha ng'ambo ya kamba. Mi-ran akairuka kamba, akaiokota.

"Bibi, chakula hakiruhusiwi humu."

"Ni cha mdogo wangu, mwanangu. Kila mwaka, siku kama ya leo, namletea. Alibaki humo ndani mwaka ule wa mauaji, askari walipotufukiza kwa moshi tulipojificha, ana miaka sita. Wenzako huwa wanatazama pembeni."

"Pole sana, bibi. Lakini nikikuachia wewe, kesho wenzio watakuja na nyama na jiko."

Wageni wakacheka. Ok-hwa hakucheka. "Umempokonya mtoto tonge mdomoni," akasema kwa sauti ya chini.

Mi-ran alipotoka kuoga, alimkuta mumewe, Chang-su, analamba vidole.

"Mama Gyu-min, keki hii umenunua wapi? Tamu balaa!"

"Umeimaliza yote?"

"Ulitaka nikubakishie karatasi?"

Usiku huo Chang-su alimaliza sufuria ya wali, akaomba nyingine. Mi-ran akamtania kwamba ana minyoo. Siku ya tatu utani ukaisha. Mume alikuwa anang'oa figili shambani na kuzitafuna na udongo wake, anakula mwani mkavu, anakula pumba za kuku, huku mbavu zinamtoka na suruali haikai kiunoni. Mdomo wake ulinuka moshi wa majani mabichi. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hana ugonjwa.

Siku ya tisa, jua linazama, Mi-ran aliingia jikoni na kumkuta mwanaume yule wa miaka hamsini amejikunyata chini ya meza, amekumbatia magoti, na alipoinua mkono kuwasha taa, kikatoka kisauti chembamba kutoka kinywani mwa mumewe, kisauti cha mtoto aliyelia mpaka koo likakauka, kinanong'ona, "Usiwashe, usiwashe, watatuona," na ule moshi ukajaa jikoni ingawa jiko lilikuwa baridi, na macho ya Mi-ran yakaanza kuchuruzika machozi.

Kesho yake alfajiri akamwita Song, mganga wa kike wa kijiji chao. Song hakuvuka hata kizingiti.

"Amekula cha nani?"

Mi-ran akamweleza.

"Basi mlete huyo dada mtu. Ndiye anayelijua jina lake. Bila jina mimi siwezi kumtoa, na mumeo hafiki wiki ijayo."

Mi-ran akapiga simu nyumbani kwa Ok-hwa, kwa namba aliyoiandikisha bibi hifadhini. Akapokea mpwa wa bibi. "Tumemzika juzi. Tangu atoke huko kilimani aligoma kula. Alisema hawezi kula na mdogo wake ana njaa." Katika ukoo mzima hakubaki anayelikumbuka jina la yule mtoto.

Mi-ran alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Kisha akapika. Njia ya pangoni ilikuwa imefungwa wiki hiyo, hata viongozi hawaruhusiwi, lakini alifungua kufuli kwa ufunguo wake mwenyewe, akaivuka kamba na sufuria mgongoni, huku Song akimvuta Chang-su ambaye sasa alikuwa mwepesi kama fungu la kuni.

Song akatikisa kengele. Wakamwaga wali, mchuzi na keki kwenye mdomo wa pango.

"Wewe mtoto, kula utoke. Jina lako nani?"

"Nimesahau," kikasema kile kisauti. "Dada ndiye alikuwa ananiita. Dada yuko wapi?"

Song alimtazama Mi-ran, akatikisa kichwa. Chang-su alikuwa ameanguka ubavu, midomo imekuwa ya buluu, kifua kinapanda kwa shida na kushuka kwa shida zaidi, na pangoni mle hewa baridi ilikuwa inatoka na kuingia kwa mwendo uleule wa kifua chake, na Mi-ran akaona kwamba vikisimama vitasimama pamoja, na kabla Song hajamziba mdomo akapaza sauti, "Niko hapa! Mimi ndiye dada yako. Mwache huyu, njoo kwangu!"

"Mjinga wewe," Song akanong'ona. "Umesema nini?"

Chang-su akakohoa moshi. Akafumbua macho, akautazama wali uliomwagika, akageuza uso. "Mama Gyu-min," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "nimeshiba." Mi-ran akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja.

Wakaanza kushuka, Song mbele amemshika Chang-su, Mi-ran nyuma na sufuria tupu. Kwenye kona ya kwanza, vidole vidogo, vya baridi, vikaingia katika kiganja chake na kukishika barabara.

"Dada," kikasema kile kisauti pembeni ya kiuno chake, "kesho tunakula nini?"