Matundu Manne Tumboni

Mwashi alikuwa juu ya jukwaa akipiga lipu simu ilipoita. Mkewe, msusi, ameanguka saluni. Maumivu ya tumbo yalikuwa yamempenya hadi mgongoni. Kwa miezi miwili alikuwa akisema ni vidonda vya tumbo, akimeza dawa za dukani.

Hospitalini, picha zilionyesha uvimbe kwenye kongosho.

"Kongosho ndiyo nini, daktari?" mwashi akauliza.

"Kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Husaidia kusaga chakula na kurekebisha sukari mwilini. Uvimbe uko mkiani mwake. Tuutoe, maana huweza kugeuka saratani."

"Basi mtampasua toka kifuani hadi kitovuni?"

"Hapana. Tutatoboa matundu manne madogo. Moja la kamera, mengine ya vifaa. Maumivu huwa machache, na mtu hurudi nyumbani mapema."

Mwashi akatikisa kichwa. "Mimi bomba likivuja ukutani, nabomoa."

Daktari akacheka. "Hata sisi, tusipoona vizuri au damu ikizidi, tunafungua. Uhai kwanza. Ndiyo maana naomba mkubali yote mawili."

"Mume wangu, tumbo ni langu," msusi akasema. Akatia sahihi.

Saa nne nzima mwashi alikaa kwenye benchi, roho mkononi. Hatimaye daktari akatoka akitabasamu, akamwonyesha video ya upasuaji. Mwashi akapigwa na butwaa. Ndani kulimeta, kwekundu na manjano. Mshipa ulidunda, du, du, du. Kifaa chembamba kikapita kando yake polepole, bila kuugusa.

"Huyo ni yeye?" akanong'ona.

"Ndiye."

Miaka kumi na sita wameishi pamoja, na hakuwahi kujua kwamba mkewe amebeba maajabu hayo. Akavua kofia.

Siku ya pili msusi alitembea ushorobani, mumewe kando. Wakakutana na seremala mzee akijikongoja, bandeji ndefu tumboni. Uvimbe wake ulikuwa kichwani mwa kongosho, umekumbatia mishipa mikubwa. Madaktari waliona matundu hayatafaa, wakamfungua. Alikuwa na siku kumi na moja pale.

"Pole, baba. Mimi wamenitoboa tu," msusi akasema, kama anayeomba radhi.

"Nimeshapoa, mwanangu. Kwako walipita dirishani, kwangu wakavunja mlango. Lakini mwizi katolewa kote!"

Msusi akashika tumbo. "Baba, usinichekeshe! Nyuzi zitakatika!"