Gemu Iliyoomba Picha ya Ufunguo

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Ulikuwa nyuma ya bega lake, shingo umeinyoosha kama bata, na simu ilipouliza kama inaruhusiwa kutumia kamera yake na kujua mahali alipo, wewe ndiye uliyesema, "Bonyeza kubali, tusonge mbele." Nanyi wakubwa mlikuwapo. Mlimwona mtoto ameinamia simu, mkashukuru kwamba ametulia. Mambo yalipoharibika kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Leo hatutazami viatu. Leo tunamtazama msichana mmoja mpaka mwisho.

Darasani walimwita Jaji. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake, ambayo hakuna mwalimu aliyempa, ilikuwa kujaribu kila gemu mpya ya mafumbo kabla wenzake hawajapoteza muda na bando lao. Ijumaa anatajiwa jina la gemu. Jumatatu, wakati wa mapumziko, anasimama barazani na kutoa hukumu: inafaa, au haifai. Hakuwa na upendeleo. Gemu moja iliyopendwa na shule nzima aliimaliza kwa kusema kwamba ni fumbo lile lile limevalishwa mashati tofauti, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Ijumaa hiyo aliyemletea habari alikuwa Mapengo, rafiki yake aliyepoteza meno mawili ya mbele kwenye mpira.

"Jaji, kuna kitu kinaitwa Mlango wa Mia. Milango mia, kila mmoja una fumbo lake. Kaka yangu kakwama mlango wa tisa, anajifanya hajali."

"Kaka yako hukwama hata akivaa fulana."

"Ndiyo maana tunakungoja wewe. Na Jumatatu usituletee mambo ya 'bado naangalia'. Tunataka jibu."

Jumamosi asubuhi Jaji alifagia kibanda cha mama yake kama kawaida. Mama alikuwa fundi wa funguo na vitasa. Kibanda kilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: meza yenye jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchongea funguo iliyolia kama mbuzi aliyekanyagwa, na ukuta uliojaa misumari. Kwenye misumari zilining'inia funguo za wateja, kila mmoja na kikaratasi chenye namba tu. Majina ya wateja na nyumba zao yaliandikwa kwenye daftari, na daftari lilikaa kwenye droo yenye kufuli.

"Ufunguo usiojulikana mlango wake ni kipande cha chuma," mama alizoea kusema. "Siku mtu akivikuta pamoja, tumekwisha."

Saa nne mama aliitwa mtaa wa pili, mlango wa mtu umegoma. Akakusanya bisibisi zake mbio mbio.

"Nakuja sasa hivi, mwanangu. Mteja akija mwambie angoje. Na hiyo simu isikumalize macho."

Simu yenyewe ilikuwa ya zamani ya mama. Alimpa binti yake ili apate kufanya kazi bila kuulizwa maswali kila dakika. Katika haraka ile, daftari lilibaki wazi juu ya meza.

Jaji alibonyeza kubali gemu ilipoomba kamera na mahali alipo, akacheza, na gemu ilikuwa nzuri, lazima tuseme ukweli. Mlango wa tano ulitaka usikilize matone ya bomba na kuyahesabu. Mlango wa kumi na moja ulifunguka kwa kupanga vivuli vya viti mpaka vikafanana na mkono wa mtu. Hakuna rangi za kelele, hakuna matangazo. Kichwani mwake Jaji alianza kutunga hukumu: inafaa, tena sana.

Kisha ukaja mlango wa kumi na tisa. Funguo arobaini, tundu moja. Alijaribu mpaka kidole kikamuuma. Ndipo maandishi yakatokea chini ya skrini: "Umekwama? Tuonyeshe ufunguo halisi, tukuonyeshe njia. Uweke juu ya karatasi nyeupe yenye mistari. Picha iwe wazi."

Binti wa fundi akaona bahati imemwangukia. Wenzake wangehangaika kutafuta ufunguo. Yeye alikuwa na ukuta mzima. Akachagua namba kumi na nne kwa sababu meno yake yalikuwa mazuri, mawili marefu na matatu mafupi. Karatasi nyeupe yenye mistari ilikuwa pale pale mezani. Akauweka ufunguo juu ya daftari, akapiga picha, akatuma. Mlango wa kumi na tisa ukafunguka.

Alikuwa kwenye mlango wa ishirini na tatu ujumbe ulipomwingilia. Ulitoka kwa mchezaji asiye na jina wala picha.

"Hongera. Geti la bluu ni la kwanza au la pili ukitoka kwenye tangi la maji?"

Aliusoma mara mbili bila kuelewa. Kisha akaifungua ile picha aliyoituma, akaikuza kwa vidole. Chini ya ufunguo, kwa mwandiko wa mama, ilisomeka: "14. Nesi. Geti la bluu, nyuma ya tangi la maji."

Na kweli nyuma ya tangi la maji mtaani kwao mageti ya bluu yalikuwa mawili. Huyu mtu alikuwa ameshafika pale. Au alikuwa pale wakati huo huo.

Akaifuta gemu. Akafuta na picha. Simu ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Lakini alijua. Ni kama kufunika sufuria wakati harufu imeshafika kwa jirani.

Sisi tuliokulia mtaa ule tungemwambia jambo, kama tungekuwa na mazoea ya kusema. Kabla ya simu hizi, alikuja shuleni bwana mmoja mwenye tabasamu na boksi la kalamu. Kila mtoto aliyejaza karatasi yake alipewa kalamu. Karatasi iliuliza baba hurudi saa ngapi, kuna baiskeli, kuna redio. Tulijaza wote, kwa mwandiko wa kupendeza. Baiskeli zikaondoka moja moja, na hakuna aliyeitaja ile karatasi, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na kalamu mfukoni. Sijasahau.

Tangu hapo Jaji aliogopa kila aliyepita. Mwanaume mmoja alisimama ng'ambo ya barabara kufunga kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu mno. Mwingine aliingiza kichwa dirishani akauliza, "Fundi yupo?" na Jaji akaangusha kopo la misumari. Yule mtu alitaka kufuli ya banda la kuku. Aliokota naye misumari, akaondoka akitikisa kichwa.

Mapengo alikuja saa saba, akasikiliza habari yote amesimama mguu mmoja.

"Umeifuta?"

"Nimeifuta."

"Basi imekwisha."

"Haijaisha. Anayo yeye."

"Yeye nani?"

"Ndicho nisichokijua, Mapengo."

Mapengo akakuna kichwa. "Nyamaza tu. Ukisema, mama yako anachukua simu, halafu sisi nani atatujaribia? Pengine ni mtoto kama sisi, anatania."

Jaji alitaka sana kuamini hivyo. Mama aliporudi amechoka, akafungia daftari kwenye droo bila kuuliza kitu, Jaji alinyamaza. Saa nane akanyamaza. Saa tisa Nesi mwenyewe akaingia.

"Hodi hapa. Binti fundi, mbona uso kama umelamba ndimu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimefuata ufunguo wangu na mwenzake."

"Tayari, dada," mama alisema. "Nimekuchongea safi."

"Afadhali. Saa moja naingia zamu mpaka asubuhi. Mkubwa ana miaka tisa sasa, nawafungia ndani yeye na mdogo wake. Ufunguo mmoja wanabaki nao, mmoja naondoka nao. Jirani ananisikilizia ukutani. Nifanyeje, nalea peke yangu." Akacheka kidogo, akazitia funguo mfukoni. "Roho yangu yote iko kwenye kitasa chako, fundi."

Akaaga, akaondoka. Jaji alimtazama mpaka sare yake nyeupe ilipopotea kwenye kona. Mashine ilikuwa inalia. Ilibaki kama saa tatu na nusu kabla ya zamu.

"Mama, zima mashine."

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia fundi yule azime mashine. Akageuka, akauona uso wa binti yake, akaizima.

Jaji alisema yote. Alisema kuhusu ufunguo, kuhusu daftari, kuhusu geti la kwanza au la pili. Alisema pia kwamba alijua tangu saa sita na akanyamaza.

Mama hakumpiga wala hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi.

"Picha iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Itafute."

Ilikuwa bado kwenye takataka za simu, zinakokaa picha zilizofutwa. Mama aliitazama kwa muda, akahesabu mistari ya daftari iliyokatiza chini ya ufunguo. Kisha akatoa ufunguo mbichi, ule ambao haujachongwa meno, akaubana kwenye jiliwa, akashika tupa ya kukwangulia chuma. Hakuwasha mashine. Alipima kwa mistari, akakwangua, akatazama simu, akakwangua tena. Jaji alisimama pembeni akisikia chuma kikiliwa. Haikufika robo saa.

"Chukua boksi la vifaa. Na kile kitasa kipya pale juu. Twende."

Nesi alifungua geti, la pili ukitoka kwenye tangi, akiwa na pasi mkononi.

"Fundi? Nimesahau kitu?"

"Dada, samahani sana. Ingia ndani, ufunge, utoe ufunguo wako kwenye tundu. Kuna kitu nataka nijaribu."

Mlango ukafungwa. Mama akauingiza ule ufunguo wa tupa. Uligoma. Akautikisa kidogo, kama anayemwamsha mtu. Ukazunguka. Mlango ukafunguka taratibu, na nyuma ya pazia sauti ya mtoto mdogo ikauliza, "Mama, nani anafungua?"

Nesi aliketi kwenye kiti cha karibu. Jaji ndiye aliyetakiwa kumweleza, maana mama alimsogeza mbele kwa kiganja mgongoni. Alieleza akiwa anaitazama sakafu, kisha akajilazimisha kuinua macho.

Nesi aliweka pasi chini.

"Ungeninyamazia," alisema, "ningekwenda kazini."

Kitasa cha zamani kilitoka, kipya kikaingia, skrubu zote nne zikakazwa kabla jua halijazama. Mama hakutaka malipo wala shukrani. Nesi akamwomba jirani alale na watoto, akaenda zamu.

Aliporudi asubuhi ya Jumapili, yule mkubwa alimpokea mlangoni na swali. "Mama, mbona jana usiku ulirudi ukashindwa kufungua?"

Nesi hakuwa amerudi usiku.

Jirani naye alikuwa amesikia: chuma kikihangaika tunduni, mara tatu, kisha hatua zikaondoka. Mama, Jaji na Nesi waliipeleka simu kituo cha polisi. Askari aliandika kila kitu. Ni nani, mpaka leo hatujui.

Njiani wakirudi, mama alitembea polepole ili binti yake amfikie.

"Sikiliza, mwanangu. Kucheza si kosa. Hata mimi nikiona fumbo mkono unaniwasha. Kosa lako la kwanza, ulitoa kitu ambacho si chako. La pili ni kubwa zaidi: ulijua, ukakaa nalo saa tatu nzima. Langu nalo lipo. Niliacha daftari wazi, na nilikupa simu nikafurahia ukimya. Kuanzia leo, gemu ikikuomba kitu cha nyumbani, awe mtu, uwe mlango, liwe jina la njia yetu, ujue hapo fumbo limekwisha na umeanza kuulizwa habari zetu. Iache hapo hapo, uje useme. Hata kama umeshatuma. Hasa kama umeshatuma. Nitakasirika, ndiyo. Lakini nitakuwa na muda wa kubadilisha kitasa."

Jumatatu Jaji alisimama barazani. Darasa zima lilikuwa linangoja.

"Mafumbo yake ni mazuri kuliko yote niliyowahi kucheza," alisema. "Siwezi kudanganya. Haifai."

Kisha akawaeleza kwa nini, bila kumtaja Nesi na bila kujificha mwenyewe. Alipomaliza aliuliza, "Nani mwingine amecheza bila kungoja, akatuma picha?"

Wote wakatazama viatu. Halafu Mapengo, polepole, akainua mkono. "Ufunguo wa nyumbani," alisema. "Alhamisi, pale kaka alipokwama. Nilikuwa na aibu." Baada yake ukainuka mwingine, na mwingine. Ilikuwa mikono tisa. Nyumba tisa zilikuwa zimelala hivyo tangu wiki iliyopita. Wakaenda wote tisa kwa mwalimu wa hesabu, na kabla kengele ya mwisho haijalia wazazi walikuwa wameitwa.

Mikono hiyo tisa nimeihesabu. Wako sijauona. Basi weka kitabu chini. Chukua simu unayochezea, tazama umeiruhusu nini, tazama umetuma nini na kwa nani, kisha nenda nayo kwa mama, kwa baba, kwa mwalimu, kwa mkubwa yeyote unayemwamini, mwonyeshe. Usingoje umalize mlango ulioubakisha. Nenda sasa hivi, maana jioni hii kuna mtu nyumbani kwenu atakayezungusha ufunguo na kuamini kwamba amefunga.