Mshono wa Jioni Ile

Duka la vifaa lilikuwa limejaa, watu wanasukumana mbele ya kaunta, kila mmoja na haraka yake. Fundi wa kuchomelea, mwanamke mjane, alikuja kununua waya. Alivaa ovaroli ya buluu iliyotobolewa na cheche na kitambaa cha manjano kichwani. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye shati jeupe na mabuti meupe ya mpira, anaomba gundi ya kuziba tangi la maziwa.

"Gundi kwenye maziwa, kaka?" fundi alishindwa kujizuia. "Wateja wako wamekukosea nini?"

Mwanamume akageuka, akacheka. "Wewe una dawa gani, dada?"

"Lete tangi. Dawa ninayo."

Kabla hata tangi halijapata gari la kulibeba, walikuwa wanapigiana simu mara tatu kwa siku, kwa visingizio ambavyo hata mtoto asingevikubali. Huyu anauliza unene wa bati, yule anauliza kama ng'ombe wameamka salama. Fundi akamwita Bwana Maziwa, naye fundi akaitwa Cheche. Moyo wa fundi ulikuwa umefungwa miaka mitatu. Sasa ulianza kufunguka, na hilo lilimtisha, maana ndani ya karakana yake hakuwamo peke yake.

Mumewe alikufa, lakini hakuondoka. Kofia ya kuchomelea ilikuwa yake, na kila fundi alipoishusha usoni alisikia pumzi ya pili ikiifuata ya kwake. Akitaka kulipua kazi, mtu hukohoa nyuma ya mtungi wa gesi. Marehemu ndiye aliyemfundisha kwamba bati jembamba la stenlesi halitaki ubabe: futa mafuta yote, shikiza kidogo kidogo, punguza moto, tuliza mkono. Na kubwa kuliko yote, jaza gesi ndani ya tangi pia, hata kama ni saa nzima ya kungoja, ilinde mshono kwa nyuma. Usipofanya hivyo, nje kutang'aa na ndani kutaungua.

Tangi lilipofika, alilitambua kabla halijashushwa. Vile vimawimbi vidogo vya mshono vilikuwa mwandiko wa marehemu.

"Nililinunua kwa mtu," Bwana Maziwa alieleza, bila kujua kwamba yumo katika karakana ya aliyelichomelea. "Nje unaliona lilivyo zuri. Lakini maziwa yalianza kuchacha, na sasa linavuja. Wateja wamebaki wawili tu. Aliyelichomelea alikuwa mvivu, Cheche, amenitilia mchanga kitumbua changu."

"Ondoka," fundi alisema.

Mwanamume alidhani ni utani. Akauliza amekosa nini, akajibiwa kwa mlango wa karakana kufungwa. Siku tatu simu iliita, na siku tatu fundi aliitazama tu ikiita mpaka inyamaze. Usiku pumzi ile ilimfuata hadi kitandani.

Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akipokea kazi pale mbele. Alimtazama weee, mwisho akachoka.

"Angalia ndani, wifi. Kaka yangu alikuwa fundi, hakuwa malaika."

Fundi akachukua tochi na kioo kidogo, akaingiza mkono. Nyuma ya mshono kulikuwa kweusi, kunakwaruza kama sukari iliyoungua. Gesi haikupita pale hata kidogo. Alipolipindua tangi akaona tarehe, maana marehemu alikuwa na desturi ya kuchora tarehe chini ya kila kazi. Ilikuwa siku moja kabla ya kufa kwake.

Aliikumbuka siku ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu: harakisha bwana, chakula kinapoa, leo nataka kula na wewe. Akaja jua halijazama. Wakala, wakacheka, wakazungumza mpaka usingizi ukawachukua. Asubuhi hakuamka. Miaka mitatu fundi alikuwa ameitunza jioni ile kama pete, asijue kwamba ilikatwa kutoka kwenye saa ile ya kungoja gesi.

Alishusha kofia. Pumzi ilikuwapo.

"Nisamehe, mume wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuharakisha."

Akawasha grainda, akausaga mshono wote, akingoja kikohozi. Hakikuja. Akasafisha, akajaza gesi, akakaa saa nzima akiisikiliza ikiingia. Kisha akachomelea kwa mkono uliotulia, mshono ukatoka na rangi ya nyasi kavu, na ndani ukawa safi kama nje. Alipoinua kofia ndipo alipogundua kwamba alikuwa akipumua peke yake. Aliumia sana, akalia.

Kisha akapiga simu. "Njoo," alisema tu.

Bwana Maziwa alikuja na shati jingine jeupe. Fundi akamweleza yote, la mume, la tangi na la simu, bila kuficha. Mwanamume akapitisha kidole kwenye mshono kwa ndani, taratibu.

"Kumbe maziwa yangu yalichacha ili mtu ale na mkewe," alisema. "Hasara hiyo naisamehe. Nami nilimwita mvivu. Naomba radhi, kwako na kwake."

Halafu, macho yakiwa chini, akamuuliza kama jioni ile angekubali kula naye. Fundi akaonyesha bomba lililokuwa mezani likisubiri kuchomelewa. Alimwambia gesi ndiyo kwanza inaingia, itachukua muda. Kisha akangoja alisikie lile neno alilowahi kulisema yeye.

Bwana Maziwa akavuta kigoda, akaketi.

"Usiharakishe," alisema. "Nitangoja."