Namba ya Mashudu

Kila siku nikitoka shule nilipitia maabara ya malisho alikofanya kazi shangazi. Yeye alipima protini katika vyakula vya mifugo, mimi niliingiza namba zake kwenye jedwali la pamoja ndani ya kompyuta. Vituo vyote vya mifugo vililisoma jedwali hilo, na wafugaji walipanga chakula cha ng'ombe wao kwa namba zile. Nilijiona mtu mzima kweli!

Siku moja nikakuta fomu ya mashudu ya alizeti, yale makapi yabakiyo mafuta yakishakamuliwa, haina namba ya protini, maana mashine ilikuwa imeharibika. Sasa, shuleni kwetu kwenye mtihani nafasi tupu ni sifuri. Heri uandike chochote, huenda ukabahatisha. Mstari wa juu ulikuwa wa mashudu ya pamba, thelathini na nne kwa mia. Nikaandika hiyo hiyo, nikaenda zangu nyumbani.

Wiki mbili baadaye akaja maabarani jirani yetu, mama mjane mwenye ng'ombe mmoja tu.

"Dada, nimefuata jedwali lenu kama lilivyo," alimwambia shangazi. "Nimepunguza majani ya kunde, nikategemea mashudu. Mbona maziwa yanakatika?"

"Labda ng'ombe anaumwa. Mwite daktari."

Daktari wa mifugo hakuona ugonjwa. Nikaenda mbio kuifuta ile namba, lakini wapi! Vituo vilikwisha kuichapa. Niliiona ukutani kwenye kituo cha barabarani, wafugaji wawili wakiinakili. Nilitaka kuwaambia, lakini niliogopa, nikapita zangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni nikamsikia jirani akimwambia mama yangu, "Kesho namwita mchinjaji. Nimlishe ng'ombe asiyenilisha?"

Nikamkimbilia shangazi. "Ile namba ya mashudu niliibuni," nikasema, nikaanza kulia.

Akaniuliza, "Wangapi wameisoma?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui, mwanangu."

Jibu hilo liliniumiza kuliko fimbo. Tulikwenda kwa jirani usiku ule ule, nikamwambia kwa mdomo wangu. Hakunigombeza, ila alimpigia mchinjaji simu asije. Asubuhi shangazi alipigia vituo simu kimoja kimoja. Vingine havikupokea, akavirudia hadi vikapokea. Mashine ilipotengenezwa, ikatoa kumi na tisa tu kwa mia. Jirani alirudisha majani ya kunde, na ndoo yake ikaanza kujaa polepole.

"Shuleni ukibahatisha, unajikosesha mwenyewe," shangazi aliniambia. "Hapa anaumia mtu usiyemjua, na huwezi kumkimbilia. Usichokipima, kiache kitupu. Nafasi tupu itamfanya mtu aulize. Namba ya uongo itamfanya aamini."

Kisha akanipa fomu nyingine. Niliingiza namba zote mpaka nikafika penye nafasi tupu. Vidole viliniwasha kuijaza. Nikaiacha ilivyo.